Zamu ya Maji

Askari wa kizuizi cha Birkat al-Mauz
aliinama akayaangalia matairi ya gari la Mjomba Hilali,
akatikisa kichwa. Jabal Akhdhar haupandwi
ila kwa gari linalovuta magurudumu yote manne.
Hivyo walii wa mama akabaki bondeni
na joho lake jipya, na debe la halua mapajani,
nasi tukawa kumi na mmoja badala ya ishirini.

Huku juu, al-Aqr, baridi ya mwezi wa kumi
ilikwisha kuingia kwenye kuta za mawe.
Nina miaka thelathini na minne, namwoza mama yangu.
Niseme kweli: namsindikiza, kwa uso wa kuazima.

Mama, Ghaniya binti Sleyum, fundi wa mapazia pale Ruwi,
hakutaka ukumbi, wala jukwaa, wala viti vya dhahabu.
"Hayo niliyafanya nilipokuwa sijui ninaloolewa."
Alitaka kisutu ndani ya abaya, akijue yeye na mwili wake,
na hina mkono mmoja tu. Wa kulia.
Wa kushoto, alisema, ni wa baba yako.

Bwana harusi, Mhenna, hajui Kiswahili.
Kwa miezi minane amejifunza neno moja,
na hilo hulipasua katikati:
"Koma. Manga."
Mawifi wa mama wakacheka. Mimi sikucheka.
Nilisikia koma, yaani acha hapo hapo;
nikasikia koma, mzimu wa baba
amesimama mlangoni bila viatu;
na Manga, huku walikotoka wazee wetu,
huku mama alikorudi mgeni, na sanduku la bati,
ana miaka kumi, hajui hata kuomba maji.

Nje, ngazi za mashamba zilikuwa zimechumwa nusu.
Makomamanga yaliyosahauliwa
yamepasuka matawini, yanaonyesha meno.

Saa tisa na robo. Sheikh ametazama simu mara ya tano.
Kisha mngurumo wa pikapu, na nyuma yake,
katikati ya makreti matupu,
mjomba wangu, kilemba kimelegea,
kaikumbatia halua
kama mtoto aliyeokolewa kwenye mafuriko.
Sheikh aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

Wakakaa. Mkono ndani ya mkono. Sheikh akafungua kinywa,
na mtoto wa jirani akachungulia:
"Ammi Mhenna, zamu yako!"

Maji ya falaji hayangoji ndoa.
Nusu saa ile Mhenna kairithi kwa babu yake;
ikipita imepita, mpaka siku ya nane.
Akanitazama mimi, sijui kwa nini mimi,
akauachia mkono wa mjomba, akatoka.

Dirishani tulimwona akivua makubadhi,
akikunja kanzu nyeupe ya harusi mpaka magotini,
akiingia mferejini, aking'oa jiwe lililofungwa matambara.
Maji yakasita kidogo, yakaingia shambani.
Nilidhani mama atafedheheka.
"Baba yako," alisema bila kugeuka,
"siku uliyozaliwa alikuwa mpirani, Mungu amrehemu.
Huyu angalau naona anakokwenda."
Akacheka. Cheko lile la zamani, la puani,
ambalo nilidhani tulilizika.

Mhenna akarudi, matope mpaka vifundoni,
akampa mjomba mkono wa baridi,
akatamka kukubali kwake mara moja, bila kukohoa.
Nyayo zake zikabaki kwenye zulia.
Hakuna aliyezifuta.

Usiku ukungu ulishuka mpaka kizingitini.
Mama alitupasulia makomamanga:
kisu mkono wa kulia, tunda mkono wa kushoto,
nasi tukala mpaka vidole vikanata.

Asubuhi nilipomuaga, kiganja kile cha kushoto
kilikuwa bado na rangi.
Hakukificha. Nami sikuuliza.
Nikawasha gari, nikateremka polepole, gia ya kwanza,
kreti zima la matunda likigongana nyuma yangu.